Baba anataka kuacha kemo ahamie kwenye unga wa majani ya stafeli, nifanyeje?

Shikamoo Anti. Naomba usinitaje, niite tu Binti wa Muheza. Nimekuwa nikisoma majibu yako ya mambo ya dawa muda mrefu sasa leo yamenifika mwenyewe.

Baba yangu ana miaka 57. Mwaka jana alianza kupata choo chenye damu, sisi wote tukajua bawasiri, akawa ananunua dawa za bawasiri dukani anatumia wee miezi inaenda, afu akaanza kuchoka na kukonda mpaka suruali anafunga kwa kamba. Mwisho kaka akamlazimisha hospitali, wakampima kwa ile kamera ya kuingiza chini wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Akafanyiwa opresheni uvimbe ukatolewa, majibu ya maabara yakaja ni saratani na imeshaingia kwenye tezi za jirani ila haijafika kwenye ini wala mapafu. Daktari akasema steji ya tatu, akamwandikia kemo, dripu siku moja halafu anarudi nyumbani na vidonge asubuhi na jioni siku 14, kisha anapumzika wiki, ndio mzunguko mmoja huo.

Kapiga dozi moja tu Anti na anataka kuacha. Nywele hazijatoka wala nini. Shida yake kubwa ni baridi. Alfajiri akitoka kwenda kushika udhu pale bombani uani maji yakimgusa tu mikono anaruka, anasema ni kama kashika waya wa umeme, na akinywa maji ya mtungi koo linabana kama mtu anamkaba. Siku ya tatu akatapika mchana kutwa. Sasa anasema hii dawa itanitanguliza kabla ya ugonjwa wenyewe.

Hapo ndipo baba mdogo akaja na kopo la siagi limejaa unga, kijani iliyochanganyika na njano. Ni majani ya stafeli, manjano, habbat soda, mwarobaini na vingine yule muuzaji kasema ni siri yake. Laki nne na nusu kwa mwezi, atumie miezi mitatu, na sharti aache kemo kwanza maana haviendani. Ningempuuza lakini baba mdogo kaja pia na karatasi za utafiti kaprintiwa stationery, nimezisoma mwenyewe na kingereza changu cha fomu foo na ni kweli Anti, wameandika kemikali za kwenye mimea zinaua seli za saratani ya utumbo mpana, na ni watu wa vyuo vikuu sio waganga. Sasa kama wanasayansi wenyewe wanakubali, mbona hospitali hawampi hizo? Je anaweza kutumia vyote kwa pamoja? Mama yeye analia tu, mimi ni mtoto wa kike wa tatu siwezi kubishana na baba mdogo mbele za watu. Dozi ya pili ni Jumanne ijayo.

Binti wa Muheza

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Mpe pole baba, mwambie Anti anamwombea, na mwambie kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma: ile shoti ya umeme akigusa maji baridi haimaanishi dawa inamuua. Nimekaa dirisha la dawa za saratani miaka mingi na ulivyoelezea tu nimeijua. Ni oksaliplatini hiyo, dawa iliyotengenezwa kwa madini ya platinamu, na kazi yake mbaya inayojulikana ni kufanya mishipa ya fahamu iogope baridi kwa siku kadhaa baada ya kila dripu. Hata hilo koo kubana ni hiyohiyo, mtu anahisi hapumui kumbe pumzi ipo. Inatisha kweli na inaniuma kwamba hakuna aliyekaa naye dakika tano kumwelezea kabla hajaondoka hospitali. Mtu akiambiwa mapema anavumilia, asipoambiwa anadhani anakufa, na mtu anayedhani anakufa atapokea kopo lolote atakaloletewa.

Sasa twende kwenye zile karatasi maana umeuliza swali la maana na sitaki ulipuuze kwa kuambiwa "mitishamba ni uongo". Sio uongo. Kuna dawa ya saratani ya utumbo mpana inayotumika dunia nzima ambayo imetoka kwenye mti. Inaitwa irinotekani. Mti wenyewe ni wa China, jina lake la kwao maana yake ni mti wa furaha, na mwaka 1966 watafiti wawili Marekani, Monroe Wall na Mansukh Wani, walitoa kwenye mti huo kemikali inaitwa kamptotesini. Ikaua seli za saratani vizuri sana maabara. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaanza kuwapa wagonjwa, na hapa ndipo nataka baba mdogo asikilize: ikawaharibu. Wagonjwa walitokwa damu kwenye kibofu, wengine wakaharisha vibaya, majaribio yakasimamishwa, dawa ikawekwa kabatini. Mti uleule, kemikali ileile, wanasayansi makini, na bado ilikuwa sumu.

Ilichukua miaka kama kumi na kitu mpaka watu wakaelewa inafanyaje kazi. Umeshawahi kufumua nywele zilizosokotwa mbili mbili? Ukivuta huku juu kuachanisha, kule chini zinazidi kujikaza mpaka zinafanya fundo. Seli ikitaka kugawanyika inafanya hivyohivyo na vinasaba vyake, nyuzi mbili zilizosokotana zinaachanishwa, na ili fundo lisitokee kuna enzaimu, yani kichocheo cha ndani ya seli, inakata uzi mmoja, mkazo unalegea, halafu inaunga tena. Hii dawa ya mti wa furaha inaishika ile enzaimu ikiwa imeshakata na haijaunga. Seli ikiendelea kujinakili inafika pale penye mkato inavunjika, na kwa kuwa seli za saratani zinagawanyika ovyo ovyo ndizo zinaumia zaidi. Wajapani wakaibadilisha kemikali ile iyeyuke vizuri na madhara yadhibitike, wakaiidhinisha kwao 1994, Marekani 1996. Hesabu, miaka 30 toka gome mpaka chupa ya dripu. Baba yako hajapewa hiyo kwasababu inatumika zaidi ugonjwa ukishasambaa, kwa steji yake walijaribu wakaona haiongezi kitu, lakini ipo, na siku yoyote mtu akikwambia hospitali wanachukia mimea mtajie hiyo.

Hata jirani zenu hapo Kenya, vilima vya Shimba kule Kwale, miaka ya 1970 Wamarekani walivuna karibu tani 27 za mmea mmoja ili watoe kemikali inaitwa maitansini. Ilikuwa na nguvu za ajabu maabara. Kwa wagonjwa ikashindikana, sumu yake kubwa mno kuliko faida. Ilikuja kufaa miaka mingi baadaye, 2013, ilipofungwa kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli za saratani ya matiti, kwa vipimo vidogo mno. Nakutajia hii ili uone kitu kinachotokea katikati, kati ya "inaua seli" na "inaponya mtu". Katikati hapo ndipo mimea mingi inafia, na karatasi za baba mdogo zinaishia kabla ya kufika hapo.

Zisome tena utaona. Wanaposema inaua seli wanamaanisha seli zimewekwa kwenye kisahani cha plastiki zikamwagiwa kemikali iliyosafishwa. Kwenye kisahani hata siki inaua, hata chumvi ukizidisha. Swali ni kama utakunywa kiasi cha kutosha, kipite tumboni, kipite kwenye ini, kifike kule kilipo bado kikiwa na nguvu, na kisiue seli zako nzima njiani.

Chukua manjano maana hii imepimwa sana. Kemikali yake ni kurkumini. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, utumbo unanyonya kidogo na ini linakigeuza haraka hicho kidogo kilichopita. Kuna watu wana ugonjwa wa kurithi wa kuota vinyama vingi kwenye utumbo mpana ambavyo baadaye hugeuka saratani, na mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti ambapo wagonjwa 44 wa aina hiyo waligawanywa, wengine wakapewa kurkumini gramu 3 kila siku mwaka mzima na wengine vidonge visivyo na dawa. Vinyama havikupungua idadi wala ukubwa tofauti na wenzao. Na usisahau gramu 3 za kurkumini sio gramu 3 za manjano. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, kwahiyo kuipata hiyo baba yako angetakiwa kula gramu 100 za manjano kila siku, yani robo kilo inaisha siku mbili na nusu, na bado wale waliopata kipimo hicho hawakuona tofauti. Kwenye lile kopo kuna manjano kiasi gani? Hakuna anayejua, hata aliyelichanganya nadhani hajui.

Habbat soda nayo ina kemikali inayofanya vizuri kwenye kisahani na kwa panya, najua nafasi yake kwetu kidini na simwambii mtu aiache kwenye chai yake, ila hakuna nchi iliyoifanya dawa ya saratani ya utumbo kwasababu kwa binadamu haijathibitishwa kutibu.

Stafeli ndiyo inayonitia hofu hasa. Tunda lenyewe sina ugomvi nalo, tamu, ale kipande. Tatizo ni majani ya kuchemsha au kusaga na kunywa kila siku miezi mitatu. Kemikali zake zinazosifiwa kuua saratani zinafanya hivyo kwa kuzima ile mitambo midogo inayotengeneza nguvu ndani ya seli, na mitambo hiyo seli za ubongo na mishipa ya fahamu zinaitegemea kuliko seli nyingine. Mwaka 1999 kisiwani Guadeloupe kule Karibea madaktari waliripoti wazee wengi wanaotetemeka na kukakamaa kama wenye ugonjwa wa Parkinson, lakini dawa za kawaida za Parkinson haziwasaidii, na wengi wao walikuwa watumiaji wa stafeli na chai ya majani yake. Wakashuku kemikali inaitwa anonasini, na panya waliopewa anonasini waliharibika ubongo kweli. Sasa fikiria mwanangu, baba yako mishipa yake ya fahamu tayari inalalamika kwa oksaliplatini, halafu unamwongezea kitu kinachoshukiwa kuumiza mishipa hiyohiyo. Mimi nisingemruhusu baba yangu.

Umeuliza kuhusu kuchanganya. Jibu ni hapana, na hapa yule muuzaji kasema ukweli bila kujua, haviendani kweli, ila kinachotakiwa kuachwa ni unga. Dawa nyingi zinashughulikiwa na enzaimu za ini, na mimea mingi inazichokoza enzaimu hizo. Waholanzi walipima mwaka 2002, wagonjwa waliokuwa kwenye irinotekani wakapewa pamoja na mmea mmoja wa Ulaya ambao watu hunywa kwa ajili ya huzuni, kile kiasi cha dawa kinachofanya kazi kwenye damu kikashuka asilimia 42. Mgonjwa anateseka na dripu lakini anapata kama nusu tu ya dawa na hajui. Ikienda upande wa pili dawa inazidi inakuwa sumu. Na kwa vidonge anavyotumia baba, ambavyo kwa maelezo yako naamini ni kapesitabini, kuna mtego mwingine watu hawaujui: foliki asidi inazidisha makali yake. Vile vidonge vya kuongeza damu vingi vina foliki, na mtu aliyekuwa anatoka damu chooni miezi yote hiyo lazima kuna aliyempa. Angalia kwenye boksi, kama vipo usimwachishe kimya kimya wala usiendelee kimya kimya, mwambie daktari.

Kuna mama mmoja simsahau. Mumewe alikuwa kwenye irinotekani, anaharisha, na kuharisha ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, lakini yule ilizidi hata vidonge vya kuzuia havifui dafu. Namuuliza mama dirishani anatumia kingine chochote, hapana. Dawa ya kienyeji, hapana. Nikageuka kutafuta faili, nikirudi nakuta kafungua pindo la khanga kaweka kikaratasi juu ya meza, ndani vipande vyeusi vinang'aa kama lami. Shubiri kavu. Akaniambia kwa sauti ya chini wifi yake kamwambia inasafisha utumbo. Shubiri ile ni dawa kali ya kuharisha, kwahiyo mgonjwa alikuwa anaharishwa na miti miwili kwa wakati mmoja. Alilazwa siku sita kwa maji ya dripu, alipona ile hali akaendelea na matibabu. Aliogopa kusema kwasababu siku moja muuguzi alimfokea mbele za watu kwa kuja na mitishamba. Ndio maana nasema nendeni na kopo lenyewe hospitali, mkifokewa mwambieni mnataka kuongea na mfamasia.

Na kuacha kemo kabisa? Chuo Kikuu cha Yale walitoa utafiti mwaka 2018 wakalinganisha wagonjwa ambao saratani zao zilikuwa hazijasambaa mbali, waliochagua tiba mbadala peke yake dhidi ya waliopata matibabu ya kawaida. Kwa saratani ya utumbo mpana na wa mwisho, hatari ya kufa kwa wale wa tiba mbadala ilikuwa zaidi ya mara 4. Baba yako yuko kwenye kundi hilohilo, haijaenda kwenye ini wala mapafu. Yani yuko mahali ambapo bado inapiganiwa apone kabisa, na miezi mitatu ya unga ni miezi mitatu ambayo vimbegu vya saratani vilivyobaki, kama vipo, havina wa kuvigusa. Tulishaona 2011 kwenye kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu wa Samunge kule Loliondo, shilingi 500, watu waliacha dawa zao za kila siku wakapanga foleni, wengine walifia njiani. Sisemi kwa kuwacheka, walikuwa na matumaini na matumaini ni haki ya mgonjwa.

Kwahiyo fanya hivi. Kabla ya Jumanne mpigieni daktari au nendeni mkamwambie yote matatu, baridi, kutapika, na kopo. Kutapika kuna dawa nzuri, kama alipewa zikaisha aongezewe, kama hakupewa aombe. Ganzi ya baridi wanaweza kupunguza kipimo cha oksaliplatini au hata kuisimamisha na kuendelea na vidonge, hiyo wanaifanya kila siku na sio kushindwa. Muulizeni pia wazi, ni mizunguko minne au minane, maana wagonjwa wengine wa steji ya tatu miezi mitatu inawatosha, na mzee akijua mwisho uko wapi anapata nguvu ya kwenda. Ganzi ikianza kubaki mpaka mzunguko unaofuata, hata maji yakiwa ya moto, hiyo aseme siku hiyohiyo asisubiri. Na akipata homa ya 38 au zaidi, au akienda chooni kuharisha mara nne au zaidi kwa siku juu ya idadi yake ya kawaida, au mdomo ukiota vidonda hata kula hawezi, asimamishe vidonge mpige simu na kwenda hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Kuhusu baba mdogo usibishane naye, umesema kweli sio nafasi yako. Huyo kamletea kaka yake laki nne na nusu ya mapenzi, muone hivyo. Shangazi yako yupo, dada yao? Yeye ndiye wa kuongea. Au mwombe baba mdogo kwa heshima awe ndiye msindikizaji wa Jumanne, aende na karatasi zake na kopo lake amuulize daktari mwenyewe, watu wengi nimewaona wanaingia wakali wanatoka ndio wasimamizi wa dawa. Hela ile iwe ya nauli, mayai, dagaa na mtori, na mwambie mchango wake ndio utakaomfikisha kaka yake mzunguko wa mwisho. Manjano kwenye mchuzi aendelee kula, tangawizi kidogo kwenye chai hasa kichefuchefu kikimshika sawa tu. Balungi aache kwa sasa hadi aulize maana na lenyewe linachokoza enzaimu zinazoshughulikia dawa.

Jambo jingine halihusu baba, ni lenu. Mzazi akipata saratani hii watoto nao mko kwenye hatari zaidi ya wengine, kwahiyo wewe na ndugu zako mkifika miaka 40 mkapimwe kwa kamera hata kama hamna dalili yoyote, na damu kwenye choo kabla ya hapo msiite bawasiri mpaka daktari aite.

Kwa sasa anza na kilicho karibu. Mtungi usimpe, maji yake ya kunywa yawe ya uvuguvugu, asishike vitu vya kwenye friji, avae soksi asubuhi. Amka kabla ya adhana ya alfajiri umchemshie maji ya udhu, umwekee kwenye birika pale mlangoni asifike kabisa bombani, na kama hata hayo yanamuuma amuulize sheikh wake kuhusu kutayamamu, mgonjwa ana ruhusa. Jumatano niandikie daktari kasema nini.

Anti wako